Ombi la Mwanamke Mwenye Hina

Vijana wangu wa ofisini, siku ile mliponiaga kwa pilau na saa ya ukutani, mmoja wenu alisimama akasema niandike uzoefu wangu usije ukapotea. Nilicheka kimoyomoyo, maana uzoefu wenyewe ulikuwa umekaa nanyi chumba kimoja miaka yote na hakuna aliyeusogelea. Lakini sasa niko nyumbani Ziwani, mikorosho imeshapaliliwa, mume wangu amechoka kunisikiliza, basi nitaandika. Msitegemee mwongozo. Mwongozo mnao kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo anao mtu aliye likizo.

Niseme mapema kwamba nimefurahi kustaafu, tena sana. Kazi sikuichukia, nilichoka kuamua. Kutwa nzima unakaa na mtu asiye na cheti, asiye na picha, asiye na shahidi, unamsikiliza, halafu unatakiwa kupendekeza kama nchi impe hifadhi au arudi alikotoka. Ukikosea kwa kumpokea, umedanganywa. Ukikosea kwa kumkataa, huenda umemuua, na hakuna atakayekuja kukuambia. Siku hizi uamuzi wangu mkubwa ni tule kisamvu au tule samaki, na hata huo unapingwa na wajukuu.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha, na vijiji vya ng'ambo sivitaji. Kama kuna kitu kimoja mnatakiwa kukichukua kwangu, chukueni hicho: siri ya mwombaji haistaafu.

Nililetwa kitengo cha hifadhi kutoka dawati la usajili wa vizazi. Kule mtu akija bila karatasi unamwambia akalete karatasi, anaondoka, na wewe unaendelea na chai yako. Siku ya kwanza kitengoni nikamuuliza aliyekuwa mkubwa wangu, Bi Rukia, tunafanyaje mtu akija bila karatasi. Bi Rukia alikuwa mwanamke wa Tanga, mfupi, maneno yake laini, macho yake makali. Akaniambia, "Hapa wote wanakuja bila karatasi, mwanangu. Ukiona mwenye karatasi nyingi, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi."

Kisha akanikalisha kwenye kiti cha mwombaji, yeye akakaa cha ofisa, akaniambia nimhadithie harusi yangu. Nani asiyependa kuhadithia harusi yake? Nikamwaga yote, toka ngoma ya usiku wa kuamkia mpaka biharusi kutolewa nje. Yeye kimya, anatikisa kichwa tu. Wiki ya pili akanirudisha kwenye kiti kile kile, akaniambia nihadithie tena. Nilipomaliza akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba safari ya kwanza mvua ilinyesha kabla watu hawajala, leo imenyesha wakishakula; na somo wangu wa unyago aliyekuwa kavaa kijani, leo kavaa zambarau. Akauliza kama kweli niliolewa. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mume ninaye nyumbani, aje amchukue kama anataka ushahidi.

"Basi mtu anaweza kuikosea mvua, na harusi ikawa ya kweli," akasema. "Na yako ilikuwa siku ya furaha. Mwenzio atakuja kukuhadithia siku aliyokimbia."

Somo hilo sikulipata katika semina yoyote, na nimekaa kwenye semina nyingi, zingine zilikuwa na maandazi mazuri.

Vifaa vyetu havikuwa vya kutisha. Viti viwili vilivyo sawa, maana Bi Rukia hakutaka ofisa akae juu kama hakimu. Kiti cha mwombaji kilielekea mlangoni, ili aliyewahi kufungiwa mahali aone kwamba mlango upo na uko wazi. Jagi la maji. Boksi la tishu, ambazo kwa ukweli zilimalizwa na maofisa wenye mafua. Ukutani tulikuwa na ramani kubwa ya mpaka, nzuri kweli, na kwa waombaji wengi haikuwa na faida yoyote. Mtu ametembea kwao maisha yake yote, unamwonyesha kwao kukiwa na ukubwa wa ukucha halafu unashangaa hapajui.

Bi Rukia akawa na dawa yake: sinia la mchanga na korosho. Unamwekea mtu sinia mbele, unampa korosho zenye maganda (zilizobanguliwa zilikuwa hazifiki jioni, msiniulize zilikwenda wapi), unamwambia akuonyeshe kijiji chake. Ataweka msikiti, ataweka kisima, atachora njia ya shambani kwa kidole. Huwezi kwenda huko kuhakikisha. Huwezi wala kupiga simu kwao kuulizia, maana siku unayomtaja jina kwa wale anaowakimbia, umemtangaza. Ulichonacho ni kile anachokisema leo, alichokisema jana, na walichosema wengine wa upande ule ambao hawajuani naye. Unaviweka pamoja unaangalia kama vinaishi nyumba moja bila kugombana.

Na wapo waongo, msije mkadhani nimekuwa malaika. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja na hadithi iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kitu kwa mpangilio, mpaka majina ya wakubwa yaliyotajwa redioni. Nilipomuuliza aliacha nini nyumbani, akajibu, "Mali zangu zote." Nikaona ajabu kidogo. Waliokimbia kweli huwa wanakuambia waliacha muhogo umelowekwa, au kuku aliyelalia mayai. Lakini hilo siyo kipimo. Wapo waliokimbia kweli ambao midomo imekauka, hawana hata kuku wa kukutajia. Nikawa bado nasitasita. Tulipotoka kupumzika, mlinzi wetu wa getini akamkumbatia yule bwana, akamwita kwa jina lake la nyumbani na kumuulizia shemeji yake wa Mtawanya, kijiji cha huku huku kwetu. Katika miaka yangu yote, huo ndio ushahidi pekee uliowahi kuja kwa miguu yake.

Bi Rukia alistaafu akarudi Tanga, mimi nikaachiwa chumba. Ndipo ikaja ile miaka mizito, watu walipoanza kuvuka Ruvuma wakikimbia mauaji. Tatizo letu lilikuwa kwamba waliokuja walikuwa watu wetu kabisa. Mmakonde wa ng'ambo na Mmakonde wa huku wana mashangazi wa pamoja, wanachezana unyago, wanazikana. Lugha haikusaidii kumtenga. Ofisa aliyeletwa kutoka mbali huona wageni, basi huuliza. Ofisa wa kwetu huona jamaa zake, na jamaa yako hudhani unamjua.

Shaibu alikuwa ofisa wa kwetu. Mtoto wa Mikindani, baba yake mwalimu wa madrasa. Kijana mpole, shati limepigwa pasi hata siku za mgao wa umeme. Sijapata kumsikia akimkaripia mwombaji. Yeye ndiye aliyemsikiliza Atija.

Atija alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili, amefikia kwa jamaa za bibi yake huko Msimbati. Anakaanga samaki na kuuza asubuhi, wanae wakicheza miguuni pake. Alimweleza Shaibu kwamba kijiji chao kilivamiwa, nyumba zikachomwa, mumewe akauawa, yeye akakimbia na watoto kwa njia ya shambani mpaka mikokoni. Maelezo mafupi, hayana mapambo. Shaibu aliyaandika vizuri na mwanzo, kwa maneno yake mwenyewe, alimwamini.

Halafu akaenda Msimbati kwa shughuli nyingine, akapita kwenye nyumba yenye harusi. Katika wanawake waliokaa barazani akamwona Atija. Kanga mpya. Hina mikononi mpaka kwenye vifundo, nyeusi tititi, ya kupakwa kwa nafasi. Shaibu akarudi ofisini bila kula pilau ya watu. Alijua, kama anavyojua kila mtoto wa pwani, kwamba aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi: hatoki bila dharura, hajipambi, manukato na hina ni mwiko kwake. Kwa hesabu ya maelezo yake, Atija alitakiwa awe ndani. Basi akaandika kwamba madai ya kifo cha mume hayaaminiki, na kama hilo haliaminiki, mengine hayana pa kushika. Akapendekeza ombi likataliwe.

Faili likaja mezani kwangu kabla ya kwenda kwenye kamati, ambayo ilikuwa inakaa wiki inayofuata. Likipita vile, Atija angepewa barua ya kukataliwa, na barua hiyo maana yake ni kuvuka mto kurudi na wale watoto. Nikalisoma mwanzo mpaka mwisho. Nikalirudia. Nilikuwa natafuta swali moja na sikuliona. Nikamwita Shaibu nikamuuliza kama alimuuliza mwenyewe habari ya hina.

Akanitazama kama nimetukana msikitini. "Bi Somoe, nitaanzaje kumuuliza mwanamke wa watu habari za eda yake? Ni aibu."

"Kumrudisha kwenye mapanga kwa jambo uliloona aibu kumuuliza, hiyo siyo aibu?"

Sikumsema zaidi, maana ni mtu mwema na nilikuwa nimeshamuumiza. Lakini nieleweni vizuri hapa. Ofisa kutoka bara asingejua lolote la hina, angeipita. Shaibu aliiona kwa kuwa ni wa kwetu, na akashindwa kuuliza kwa kuwa ni wa kwetu. Heshima ilimfunga mdomo, haikumfunga mkono. Bi Rukia alikuwa akisema, unachomtilia mtu shaka mwambie usoni, mpe nafasi ajibu. Ukishindwa kumwambia, basi huna ruhusa ya kukiandika.

Nikalizuia faili. Nikamwita Atija, nikamwomba Shaibu akae nje, nikafunga pazia, mlango nikauacha wazi. Nikamtilia maji. Hina bado ilikuwepo, imeanza kufifia kwenye viganja. Sitawaficha. Nilikuwa naogopa jibu. Kama alikuwa ametudanganya yote, mimi ndiye ningeandika hivyo, na ningeandika.

Nikamwambia kwamba mwenzangu alimwona harusini na hina, na sisi tulikuwa tumeandika kwamba mumewe ameuawa. Sasa nataka anieleze yeye mwenyewe.

Alitazama mikono yake, akaificha chini ya kanga, halafu akaitoa tena.

"Nilisema ameuawa," akasema. "Sikumwona amekufa."

Nikamsogezea sinia. Akaanza kuweka korosho taratibu: msikiti, kisima, nyumba yao, na nyumba ya mama mkwe wake upande wa pili wa kijiji. Akachora njia ya shamba la muhogo mpaka kwenye mikoko. Yeye, mumewe na watoto walikuwa wameshafika kwenye mikoko, wamejificha, ndipo mumewe akakumbuka kwamba mama yake hawezi kukimbia. Akamwambia Atija asitoke, akarudi. Wakasikia risasi. Wakaona moshi. Walikaa pale mpaka maji yakawafika kiunoni, watoto wanalia kwa kunong'ona, na hakurudi yeye wala mama. Kila mtu alimwekea korosho yake kwenye mchanga, hata jirani zake. Ya mumewe alikuwa nayo mkononi muda wote, hakuiweka popote.

Kwenye kuvuka mto, akaniambia, wanawake wenzake walimfundisha. Ukisema mume amepotea, watakuambia rudi ukamtafute. Sema amekufa, mwenye maiti ndiye husikilizwa. Akasema hivyo. Na toka siku hiyo, akasema, kila akilala anaona kama ndiye aliyempiga risasi.

Nikamuuliza habari ya hina. Akajibu kwamba alikwenda kwa shehe wa pale kijijini, akamweleza ukweli wote. Shehe akamwambia mume asiyejulikana alipo bado ni mume, mpaka ije yakini au kadhi aamue. Kwa hiyo wenyeji wake walipomwoza binti yao wakampaka na yeye hina kama wanavyowapaka wake za watu, hakukataa.

"Nikikaa eda nimemzika," akasema. "Nani amenipa ruhusa ya kumzika?"

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya nafuata karatasi. Shaibu alikuwa amesimama kwenye ukumbi. Nikamuuliza, bila kumtaja mtu, mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo anakaa eda? Akaanza kujibu harakaharaka kama mwanafunzi: hakai, anasubiri, baba yake amelisomesha hilo miaka yote. Katikati ya jibu akakoma. Akakaa kwenye benchi la waombaji akashika kichwa. Hukumu aliijua tangu utotoni, ila haikumpitia akilini kwamba mke aliyesema mumewe ameuawa aweza kuwa mke anayemsubiri.

Mambo hayakuishia hapo, maana sasa tulikuwa na mwombaji aliyekiri uongo. Kwenye kamati mjumbe mmoja, mwanasheria mwenye sauti nzito, akasema njia ya mwongo ni fupi, na aliyedanganya kwenye jambo kubwa kama kifo haaminiki kwenye madogo. Siyo hoja ya kipuuzi. Nimeona maombi mengi yakifa kwa hoja hiyo, na mengine yalistahili.

Nikaomba jambo moja. Nikasema, chukueni uongo wake, muuweke nje ya mlango; futeni kabisa kifo cha mume. Kimebaki nini? Kijiji ambacho watu wengine, wasiomjua, wameeleza kuvamiwa. Njia ya shambani mpaka mikokoni, aliyoieleza kwa Shaibu na kwangu bila kutofautiana. Mwanamke na watoto wawili wasio na pa kurudi. Mume awe mfu au hai, hofu yake inapungua kwa lipi? Yale tusiyoweza kuyathibitisha, kama hayagongani na tunayoyajua, tunamwachia yeye. Shaka ikibaki, inamfaidi yeye, haitufaidi sisi.

Mwanasheria akauliza nani alipendekeza ombi likataliwe. Shaibu akasimama kabla sijafungua mdomo. Akasema ni yeye, na kwamba anaondoa pendekezo lake. Akaeleza mwenyewe, hina, eda, na swali ambalo hakuuliza, mbele ya wakubwa wote. Siku hiyo nilijua chumba changu kina mrithi.

Tulisubiri majibu ya kamati kwa muda ambao kwa Msimbati ulikuwa mrefu zaidi kuliko kwetu. Nilikuwa naamka na jina la Atija mdomoni. Mume wangu akataka kujua ni nani huyo anayelala na sisi. Majibu yalipokuja, amekubaliwa, nilikaa kwenye kiti cha mwombaji. Shaibu akaenda kununua soda za ofisi nzima, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alhamdulillahi, jamani. Nimeshawahi kupandishwa cheo na sikufurahi vile.

Najua mnataka niwaambie mume alipatikana. Sijui. Niliondoka kazini sijui, na sasa hainihusu tena kujua. Ndiyo raha ninayowatakia siku moja: kuamua vizuri pasipo kuujua mwisho, kisha kulala.

Nilimpa Atija habari mwenyewe, mimi na Shaibu, pale pale chumbani. Hakulia, hakupiga vigelegele. Aliuliza kwanza kama watoto wamo. Nikamwambia wamo. Halafu akauliza tumeandika nini juu ya mumewe.

Nikamsomea: ana mume, hajulikani alipo.

Kisha akauliza kitu ambacho mimi na elimu yangu yote ya kitengo sikuwa nimekifikiria: je, wakati wote ule, tulipokuwa tumeandika ameuawa, kuna mtu alikuwa anamtafuta? Nikamjibu kweli, kwamba hapana. Wanaotafuta ndugu waliopotezana hupewa majina ya waliopotea. Majina ya wafu hawapelekewi.

"Na sasa?"

"Sasa anaweza kutafutwa."

Akavuta kiti karibu na meza, akamgeukia Shaibu, maana ndiye aliyekuwa na kalamu. Wanawake wa kwao hawamtaji mume kwa jina, na toka mwanzo alikuwa akimwita baba Amina. Sasa akalitaja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, akimwangalia Shaibu mkono mpaka amalize kila herufi. Akasema ni mrefu, mweusi, sikio la kushoto halisikii vizuri, basi wakimwita asipogeuka wasiondoke, wamwite tena. Huenda yuko na mama mzee, anambeba. Shaibu akaandika yote.

"Na mkimpata," Atija akasema, "mwambieni sikukaa eda."